Mume wangu anasahau kila kitu isipokuwa siku ya ajali. Arudi barabarani?

MamaWaGenge
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri. Wenye matusi wapite kimya kimya, nimechoka.

Mume wangu ana miaka 41, dereva wa semi, ruti yake Dar–Tunduma. Mwaka jana mwezi wa sita breki zilimkatalia kwenye mteremko wa Kitonga. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Tandiboi wake, kijana aliyekuwa akila hapa kwangu kama mwanangu, hakutoka.

Mkono umepona. Sasa namtuma dukani chumvi na sabuni, anarudi mikono mitupu: "Ulisema nini vile?" Laini ya simu imefungwa mara tatu kwa kukosea namba ya siri. Mtu aliyekuwa anakutajia mizani zote hadi mpakani bila kukosea, leo nikimweleza jambo lenye hatua tatu naona kabisa ameniacha kwenye ya kwanza. Gazeti la michezo anasoma mstari uleule mara nne, halafu analikunja.

Ila ajali! Harufu ya breki, shati la yule kijana, hadi chupa ya soda iliyokuwa inabingirika miguuni, vyote anavyo. Saa tisa usiku anakanyaga godoro kwa mguu wa kulia.

Mama mkwe anasema amechezewa. Shemeji anasema anajifanya ili nimlishe. Juzi tajiri wake kapiga simu: gari lipo, aje. Mwenyewe anataka, maana ada za watoto zimefika. Je, huu ni uzee wa ubongo umemuwahi? Nimwache aende?

Mzee wa Songwe
Asiende. Nimeshika usukani miaka 22, Kitonga si mahali pa kujaribia kama akili imerudi. Mwambie tajiri ampe kazi yadi kwanza. Na pole sana kwa huyo kijana.

Kidumu99
Wanaume tunasahau chumvi makusudi dada, usitutoe siri 😂

Mzee wa Songwe
Kidumu, kuna uzi wa utani kule chini.

Zamu ya Usiku
Mimi ni mhudumu wa afya ya akili. Mumeo simjui, kwa hiyo chukua haya kama maelezo ya kwenda nayo kliniki.

Unayoyasimulia yanafanana sana na kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Mwili wake bado uko Kitonga unalinda, unasikiliza kila honi. Umakini ukishatumika huko, chumvi yako haipati pa kukaa. Ndiyo maana nasita kusema "amesahau": jambo ambalo halikuingia vizuri huwezi kulikumbuka. Ongeza na usingizi unaokatika saa tisa kila siku, maana mambo ya mchana hukaa sawasawa kichwani tukiwa tumelala.

Utakutana na watu mtandaoni wakikwambia kiwewe "kinakula ubongo". Ni kweli hipokampasi, sehemu inayoshughulikia kumbukumbu, mara nyingi huonekana ndogo kwa wagonjwa hawa. Lakini mwaka 2002 Wamarekani walichapisha utafiti wa mapacha: mmoja alipigana Vietnam, mwenzake hakwenda vitani. Waliougua sana walikuwa na hipokampasi ndogo, na pacha aliyebaki nyumbani naye anayo ndogo vilevile. Yaani huenda udogo huo ulikuwepo hata kabla ya vita, si kiwewe kilichokula. Kwa hiyo usimzike mtu mapema.

Nijibu: siku ile alizirai? Anakunywa pombe? Kuna dawa anayotumia?

MamaWaGenge
Alizirai, sijui dakika ngapi. Kichwa hakikupigwa picha, walihangaika na mkono tu. Pombe hapana. Ila kuna vidonge vya usingizi, kaka yake huvichukua duka la dawa. Dayazepamu. Kila usiku, huu ni mwezi wa nne mfululizo.

Zamu ya Usiku
Umetaja mambo mawili mazito. Kichwa kilichogongwa kinaweza kuleta usahaulifu huohuo, lazima kiangaliwe. Na dayazepamu yenyewe inafifisha kumbukumbu, na kiwewe haitibu. LAKINI msiikate ghafla, anaweza kupata degedege. Daktari ndiye ataipunguza kidogo kidogo. Mwombe pia wapime sukari, tezi ya shingo, vitamini B12 na VVU. Hadi hapo, usukani hapana.

Tiba ipo. Kuna dawa kama setralini, na kuna mazungumzo na mtu aliyefunzwa. Kule Uganda, kambi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwasaidia wenzao kusimulia maisha yao kwa mpangilio, na watu walipata nafuu.

BintiWaEastlands
Niko Nairobi. 7 Agosti 1998 nilikuwa karani kwa ofisi karibu na ubalozi wa Marekani. Tulisikia mshindo wa kwanza, tukakimbilia dirisha kuangalia. Wa pili ndio ulituletea vioo.

Miaka miwili nilikuwa naingia jikoni sijui nimefuata nini. Bosi alidhani nalewa. Baadaye nilipata mshauri, akanifanya nianze kusimulia kutoka chai ya asubuhi ile, sio kutoka bomu, na nisiishie kwa bomu, nifike hadi jioni nilipofika nyumbani. Nililia sana nilipofika kwa hiyo jioni, si kwa bomu. Hayo mengine ni madogo: daftari moja tu, sio matatu. Mpe jambo moja, umngoje alirudie kwa mdomo. Na usimwambie "nimekuambia mara ngapi". Hiyo ilinimaliza kuliko vioo.

MamaWaGenge
Hiyo sentensi naisema kila siku. Nimeisoma nikiwa nimesimama gengeni, nikakaa.

Kwenda kliniki alikataa, anasema watu watadhani anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikamwambia tunaenda kuangaliwa kichwa kilichogongwa, akakubali. Ni Jumanne, hospitali ya mkoa, na vidonge tunavibeba. Tajiri nimempigia mimi mwenyewe: kasema gari halisubiri mtu, lakini yadi ataangalia. Ada sijui, nitamwona mwalimu mkuu.

Leo nilimpa daftari, akaandika mwenyewe: chumvi, sabuni. Karudi na chumvi. Karatasi ilikuwa mfukoni.

Mzee wa Songwe
Yadi inafungua saa moja na nusu. Asiende peke yake siku ya kwanza, magari ya pale yanapiga honi sana.