Tupeane uzoefu: ulikimbia kipigo, shirika likakupa ujuzi na mtaji. Baada ya hapo?

MamaTunu, Mwanza
Wadada, habari za jioni. Najua humu wapo waliopita Dawati la Jinsia la polisi, wakapokelewa na shirika, wakafundishwa kazi. Tuelezane kilichofuata baada ya cheti na picha za pamoja.

Naanza. Tulifundishwa batiki na sabuni ya maji. Batiki niliiacha, nta na dawa za rangi zinamaliza hela kabla hujauza hata doti moja. Sabuni ndiyo inanilisha. Mtihani wake ni chumvi: unatia kidogo kidogo huku unakoroga, inaanza kuvuta. Ikizidi inakatika, inakuwa maji. Nawauzia mama ntilie kwa lita, madumu wananirudishia.

Ila hela inakaa kwenye kikoba, nyumbani hailali. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne. Baba Tunu alikuja kudai "hela za wazungu". Nikamwambia kawaombe wale wanne 😂

Fundi_Sare, Dodoma
Sisi tulipewa vyerehani darasa zima, na wote tunakaa kata moja. Nani amshonee nani? Vingi viliuzwa hata mwaka haujaisha, na siwalaumu, mtoto akilala njaa cherehani ni hela. Mimi nilipona kwa sare za shule. Wangepita sokoni kwanza kabla ya kununua.

Halafu ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake. Riba hamna, sawa, lakini wanataka kikundi. Umehama kumkimbia mtu, humjui hata jirani. Kikundi utakitoa wapi?

Mama_Kadutu, Bukavu
Jambo ba mama. Ile kikoba ya MamaTunu, huku tunaita MUSO, iko na sanduku tatu: ya kijani ya akiba na mikopo, nyekundu ya kusaidia mwenye ugonjwa ao kilio, bluu ya feza yenye kutoka inje. Nilijifunza kushona vikapo Maison Dorcas, ile nyumba ya Panzi yenye kusaidia wanamuke wenye kutendewa jeuri. Mutoto alipogonjwa, nyekundu ililipa, makuta ya kazi sikugusa. Na tangu waasi wa M23 waingie hapa mwezi wa pili 2025, banki zikafunga, watu walikuwa na feza kwa karatasi tu.

Shanga_Isiolo
Umoja, kijiji cha wanawake kule Samburu, kipo tangu 1990. Wanauza shanga na wana kambi ya watalii. Corona ilipokata wageni 2020 niliona ubaya wa kutegemea mnunuzi wa aina moja. Mama ntilie hafungi mpaka, MamaTunu, shikilia hao hao.

MamaTunu, Mwanza
@Fundi_Sare, sisi shirika ndilo lilitupeleka kwa afisa maendeleo wa kata tulikohamia, akatuunganisha na wengine pale pale. Wabane wa kwenu wafanye hivyo, ni kazi yao.

Jamani, madumu ya lita 20 kwa jumla mnachukua wapi? Huku yamepanda.