Stroberi kwenye shamba lililokuwa la nyanya, nasafishaje udongo bila sumu?

Mlimani_Lushoto:
Wakuu habari za leo. Nina kipande kama robo eka huku Lushoto, kimelimwa nyanya misimu mfululizo, sasa nataka kuweka stroberi. Jamaa wa duka la pembejeo kanishauri nimwage dawa ya minyoo na fangasi udongo wote kwanza, roho inasita maana tunda lenyewe linaliwa bichi hivyo hivyo, na chini ya shamba kuna kijito watu wanachota maji. Kuna njia nyingine au ndo najidanganya? Mbolea ya kuku ninayo kibao.

BwanaTuta:
Hujidanganyi mkuu. Ila kabla ya kuhangaika na njia, kang'oe mashina ya nyanya yaliyobaki uangalie mizizi. Ukikuta vinundu vinundu kama shanga hao ni minyoo fundo. Na upasue shina karibu na ardhi, likiwa na michirizi ya kahawia ndani ujue kuna mnyauko. Nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili zote zinaacha fangasi wa verticillium udongoni, huyo anaishika na stroberi vizuri tu na anakaa miaka. Kama una sehemu ilikuwa mahindi au vitunguu, stroberi peleka huko, hapa panda mahindi kwanza.

mama_bustani:
Choma udongo kwa jua. Lima, vunja mabonge yote, sawazisha, mwagilia mpaka ulowe haswa, halafu tandika nailoni inayoangaza, SIO nyeusi, ibane ishikane na udongo na kingo zote uzifukie. Wiki 4 mpaka 6. Ukiacha upenyo wa upepo umefanya kazi bure.

Mlimani_Lushoto:
Asante dada, ila saa hizi huku ni ukungu na baridi, jua lenyewe tunaliona mchana kidogo. Itashika kweli?

mama_bustani:
Sasa hivi hapana. Ngoja Januari na Februari kabla masika hayajaanza. Na usiishie kwenye jua tu, katakata majani ya kabichi au haradali mabichi, fukia palepale ndo uweke nailoni juu, yakioza yanatoa gesi kali inayopunguza wadudu na fangasi. Ukifunua acha udongo upumue wiki mbili tatu ndo upande, na usiuchimbe tena kwenda chini sana maana utapandisha udongo ambao joto halikuufikia.

Wa_Limuru:
Wacha niongeze kutoka Limuru. Ukisubiri hilo jua, panda bangi mwitu ile yenye harufu (Mexican marigold, sio bangi ya kuvuta), ibananishe shamba lote, iache miezi kama mitatu halafu uifukie kabla haijatoa mbegu. Mizizi yake ndio inasumbua minyoo ikiwa bado hai, so kuleta majani kutoka kwingine haisaidii sana. Na hiyo mbolea ya kuku pole pole bana! Stroberi haitaki chumvi, mbichi itaunguza mizizi. Ichanganye na majani makavu ioze, ukiingiza mkono katikati ya lundo hakuna joto na pua haiwashwi, hapo iko tayari.

BwanaTuta:
Na majivu usimwage kwa mazoea, yanapandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo) na stroberi inataka 5.5 hadi 6.5. Uko mkoa wa Tanga, TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo pale Muheza, wanapima udongo, wapelekee sampuli. Hao wa duka nao wasikutishe, stroberi za California zilitegemea methyl bromide, gesi ya sumu ya kusafishia udongo, miaka na miaka, ikaja kuondolewa kwa Mkataba wa Montreal sababu inaharibu ozoni, nchi zetu mwisho ulikuwa 2015, na stroberi bado zinalimwa.

Mlimani_Lushoto:
Nimewaelewa. Miche kuna jirani anauza bei poa, nichukue?

Wa_Limuru:
Shamba lake lilikuwa na nini kabla? Ng'oa mmoja uoshe mizizi mbele yake kwanza, usije ukasafisha udongo miezi yote hiyo halafu minyoo uinunue na miche. Ukipanda, tuta liinuke sentimita 25 hivi, na kile kitovu cha mche kikae usawa wa udongo, ukikifukia kitaoza.