Mashine ya kufulia inatoa uvundo ingawa pipa linang'aa: uchafu uko wapi?

Mkaazi wa Tanga

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nina mashine ya kufulia ya kilo 7, yenye mlango wa mbele, ambayo tuliinunua miaka miwili iliyopita na kuiweka katika chumba kidogo kilicho kati ya bafu na jiko. Tangu masika yaanze, nguo zinatoka safi kwa macho, lakini zikikauka nusu huanza kutoa uvundo, na uvundo huo hurudi kwa nguvu zaidi mvaaji anapotoa jasho. Kanzu za mume wangu nimezifukiza udi. Kwa muda wa saa moja hunukia vizuri, kisha harufu mbili huchanganyika na hali ikawa mbaya kuliko awali. Taulo ndizo zilizoathirika zaidi.

Ninafua kwa maji baridi, kwa sababu hita inakula uniti nyingi za umeme. Sabuni yangu ni ya unga, ile ya kawaida ya kufulia kwa mkono, kikombe kizima cha chai kila mara, na mwishoni natia dawa ya kulainisha nguo. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Nikimaliza kufua huufunga mlango, kwa kuwa nina mtoto wa miaka mitatu anayependa kuingia kila penye uwazi. Pipa la ndani linang'aa kama jipya, ndiyo maana sielewi harufu inatoka wapi. Naomba msaada wenu.

Mama wa Kigamboni

Wa alaykum salaam, dada, na pole sana. Usilitazame pipa, utazame ule mpira mnene wa kijivu unaozunguka mlango. Uvute kwa vidole upande wa chini, uufunue mkunjo wake, kisha upitishe kitambaa cheupe kwa ndani. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kitambaa kilitoka na ute mweusi uliochanganyika na nyuzi za khanga na nywele, na hapo nikafahamu kwamba kila nguo niliyokuwa nikiitoa ilikuwa ikijipangusa kwenye uchafu huo. Sasa naufuta kila nikimaliza kufua.

Kwa ndani, jirani yangu alinishauri nimimine siki na jiki kwa pamoja kisha niendeshe mashine ikiwa tupu. Sijajaribu, lakini huenda ikakufaa.

Fundi wa Kisauni

Dada wa Tanga, kabla ya jambo lolote, nakuomba usichanganye siki na jiki, wala jiki na ndimu, wala jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu, na katika chumba kidogo kama ulichokieleza inaweza kumdhuru mtu vibaya sana. Mama wa Kigamboni ameshauri kwa nia njema, na kuhusu mpira wa mlango amesema kweli tupu, lakini hilo la pili tafadhali liachwe kabisa.

Sasa kuhusu swali lako. Mashine hii ina mapipa mawili. Moja ni hilo la chuma lenye matundu unaloliona, na la pili ni la plastiki, linalolizunguka la kwanza na kuyashika maji. Nguo zinalisugua pipa la chuma kwa ndani kila siku, kwa hiyo litang'aa daima, hata kama upande wake wa nyuma umefunikwa na utando unaoteleza kama kamasi. Nimefungua mashine nyingi hapa Mombasa zilizoletwa kwangu kwa sababu ya harufu, na karibu zote zilikuwa hivyo. Utando huo ni mabaki ya sabuni, mafuta ya mwili, nyuzi, na dawa ya kulainisha nguo ambayo yenyewe ni ya mafuta. Vijidudu hujishikiza humo na kula.

Maji baridi hayauyeyushi utando huo. Sabuni ya kufulia kwa mkono nayo huongeza tatizo, kwa kuwa imetengenezwa itoe povu jingi, na povu likijaa kati ya mapipa mawili mashine haiwezi kulisuuza lote. Kikombe kizima ni kingi mno. Tafuta sabuni ya unga ya mashine isiyotoa povu jingi, uanze na vijiko vitatu vya chakula. Dawa ya kulainisha iache kwa miezi miwili, hasa kwa taulo, kwa sababu huzivika mafuta na kuzizuia kunyonya maji.

Kusafisha kwenyewe kuanzie chini. Chomoa plagi, weka beseni bapa mbele ya kile kifuniko kidogo kilicho pembeni chini, kisha ufungue chujio la pampu polepole, kwa kuwa maji yatatoka. Pampu haiwezi kuyatoa maji yote. Kuna kiasi kinachobaki pale daima, na katika joto la pwani maji hayo huoza. Kidroo cha sabuni nacho huchomoka chote. Kisugue kwa mswaki wa zamani, pamoja na dari ya pango lake, ambako ukungu mweusi hujificha.

Halafu endesha mashine tupu kwa nyuzijoto 60 au zaidi, ukiwa umetia ndani ya pipa sabuni ya mashine yenye sodiamu perkaboneti, yaani ile inayong'arisha kwa oksijeni. Ikifika nusu ya safari isimamishe kwa saa moja, ili utando ulainike, kisha uiruhusu iendelee. Usishtuke ukiona vipande vyeusi vinaelea. Rudia mpaka visionekane tena. Baadaye, kufua taulo na mashuka kwa nyuzijoto 60 mara moja kila mwezi kutatosha, na uniti utakazotumia ni chache kuliko gharama ya kufua mara mbili nguo zilizovunda.

Kisima chako ni jambo jingine. Maji ya miamba ya matumbawe huacha ukoko wa chokaa kwenye hita, na utando hushika vizuri zaidi juu ya ukoko huo. Siku tofauti kabisa na siku ya jiki au ya sabuni, tia gramu 100 za asidi ya sitriki, ule unga mkali unaotumiwa katika achari, uendeshe mashine tupu kwa maji ya moto. Siki siipendi kwa kazi ya mara kwa mara, kwa kuwa huichosha mipira.

Msomaji wa Maskati

Naongeza mawili. Huku kwetu Oman maji ya bomba mengi husafishwa kutoka baharini, nayo ni laini, yaani hayana chokaa nyingi, kwa hiyo nilipohamia kutoka Unguja na kuendelea na kipimo changu cha sabuni cha zamani, mashine ilijaa povu mpaka droo ikafurika. Wewe mwenye kisima utahitaji sabuni zaidi kidogo kuliko mwenye maji laini. Ongeza kijiko kimoja kimoja.

La pili ni bomba la kutolea maji. Ikiwa limesukumwa moja kwa moja ndani ya bomba la maji machafu lisilo na kona ya kushika maji, hewa ya shimo hupanda hadi ndani ya mashine. Litoe, liache likining'inia kwa siku mbili bila kufua, kisha unuse. Ikiwa harufu ni ya choo na imepungua, mlaumu fundi bomba.

Mkaazi wa Tanga

Nimerudi baada ya wiki tatu. Ndani ya chujio nimekuta pini tano za mtandio, sarafu ya shilingi 200 na tope jeusi ambalo sikuweza kulivumilia kwa pua. Nimeendesha mashine tupu mara nne; ya kwanza na ya pili maji yalitoka na vipande kama majani ya chai, ya nne yalikuwa meupe. Taulo zimepona, alhamdulillahi. Bomba la maji machafu lina kona, hilo si tatizo. Ila mvua haijaacha, na nikiuacha mlango wazi mpira haukauki hata kufikia asubuhi. Na mtoto je?

Fundi wa Kisauni

Nimefurahi kusikia hivyo. Asubuhi za masika unyevu wa hewa ya pwani hupita asilimia 80, kwa hiyo kuuacha mlango wazi peke yake hakutoshi. Futa mpira na kioo kwa kitambaa kikavu mpaka mkunjoni, acha kidroo kikiwa nje, kisha elekeza feni kwenye mlango kwa muda wa saa moja. Umeme ukikatika nguo zikiwa ndani, zitoe mapema. Usizisubirishe hadi kesho.

Kuhusu mtoto, una haki ya kuogopa, kwani akiingia mlango ukajifunga hawezi kuufungua kutoka ndani. Funga komeo upande wa nje wa mlango wa chumba, juu asikofika, na mashine uiache wazi humo ndani. Kama chumba hakina mlango, endelea kuifunga mashine, lakini baada ya kuifuta na kuipigia feni wewe mwenyewe ukiwa hapo.