Iyi jiwe ya njano iko na siafu ndani, ni kaharabu ao balitudanganya?

Mutoto wa Birere: Jambo bakubwa. Baba mudogo alirudi toka Mbandaka na kajiwe ka njano kama asali, kepesi sana, ndani kuko siafu moja, muguu moja imenyooka utasema ingali inajaribu kutoka. Mwenye alimuuzisha alisema ni kaharabu ya mamilioni ya miaka, sasa anataka niweke foto ku intaneti tuipate dola mingi. Mi najiuliza siafu iliingia mu jiwe namna gani? Huku Goma mawe tunajua ni ya volkano, na lava haiwezi kuacha siafu hata unywele.

Yaya wa Himbi: Mudogo wangu, wachana na lava, kaharabu si jiwe ya kweli, ni utomvu wa muti wa zamani sana. Si tulitegaka ndege na ulimbo, anakanyaga tu, akipiga mabawa njo anazidi kushikwa? Muti ukikatwa ao ukitobolewa na badudu unatosha utomvu wa kufunga kidonda, siafu inapita inanata, halafu utomvu mwingine unashuka unaifunika mbele haijaoza. Ule utomvu unanyonya maji ya mwili na unazuia vijidudu vya kuozesha, njo maana unaona muguu nzima. Kisha inafaa ifunikwe na matope ao muchanga, ju ikibaki inje jua na hewa vinaivunja. Mule chini mafuta mepesi inatoka polepole, yenye kubaki inashikana inakuwa ngumu. Kaharabu ya Myanmar, kule Asia, ina karibu miaka milioni 99, na 2016 balitangaza kipande chake chenye mukia wa dinosori na manyoya yake, ilipatikana ku soko, muuzaji alizania ni jani tu!

Mulimu wa Majengo: Yaya amesema vizuri, lakini Mbandaka?? Hapo mi nashuku kopali. Wakati ya Babeleji bantu ba kule balikuwa banachokora matope ya pori la maji na mikuki, bakisikia kitu kigumu banatosha, inaenda Ulaya kutengeneza verni ya kungarisha mbao. Ba pwani banaita ya kwao sandarusi. Ni utomvu ule ule ila haujakomaa, kaharabu ingali mutoto. Chukua ile dawa ya kutosha verni ku kucha, yenye asetoni, tone moja upande wa nyuma (si karibu na siafu tafazali), ngoja kidogo, gusa. Ikinata, mara mingi ni kopali. Maji ya chumvi mingi itakutolea plastiki nyingi, inazama, lakini kopali na kaharabu zote zinaelea.

Mutoto wa Birere: Sawa mulimu, na ADN ya siafu, ile yenye kubeba urizi ndani ya mwili, haiwezi kurudisha mududu?

Mulimu wa Majengo: Apana, iyo ni ya sinema. ADN inavunjika. Mara mingi mududu wa ndani ya kaharabu ni kangozi kembamba tu na utupu katikati. Umeonaka pahali lava ilizunguka muti, muti ukaungua, tundu likabaki? Ni kama ile.

Mutoto wa Birere: Nimetia tone. Inanata, kidole changu kimeacha alama kabisa. Baba mudogo amenuna, anasema dawa ya bibi yake ilipita muda. Siafu yangu nabaki nayo.