Tupeane uzoefu: kutoa vioo vya madirisha ya zamani bila ajali

Wakuu, wengi sasa wanang'oa madirisha ya chuma na ya luva ili waweke ya aluminiamu, na hatua inayoharakishwa kuliko zote ni kutoa vioo. Wenye ujuzi wekeni utaratibu hapa, mwenye nyumba amwonyeshe fundi kabla nyundo haijashikwa.

Mchomeleaji
Vioo vitoke kwanza, ndipo grili na fremu zikatwe. Cheche za grinda zikirukia kioo zinaganda na kuacha madoa yasiyofutika, na joto linakipasua kwa sababu sehemu moja inatanuka wakati nyingine bado ni ya baridi. Kama grili imechomelewa kwa ndani, kioo kitatokea nje tu. Ghorofani basi panga jukwaa mapema na uzungushie utepe chini, asipite mtu.

Fundi vioo
Naongeza kuhusu vioo vya puti, yaani vilivyoshikizwa kwenye fremu kwa ule udongo unaokauka na kuwa mgumu. Vaa glavu za ngozi (za pamba kioo kinazichana), miwani ya kukinga, mikono mirefu na viatu vya kufunika. Bandika tepu pana kwa umbo la nyota, pande zote mbili za kioo. Tepu haizuii kisipasuke, inashika vipande visitawanyike.

Anza kutoa puti pande za wima, fuata chini, malizia juu. Patasi ilaze karibu na chuma, gonga kidogo kidogo, ncha isielekee kwenye kioo hata mara moja. Toa sentimita 3 au 4, sogea. Chini ya puti utakuta vibanio vya waya. Kwenye fremu ya mbao ni misumari midogo. Vyote vitoke kwa plaisi isipokuwa viwili vya juu. Hivyo viwili usiviguse mpaka msaidizi awe ameshika kioo kwa viganja vyote, la sivyo kinakudondokea kifuani.

Puti ikiwa ngumu kama jiwe, ilainishe kwa mashine ya hewa ya moto huku umekinga kioo kwa kipande cha bati, na usikae sehemu moja. Moto wa gesi hapana kabisa.

Wa Pwani
Huku kwetu chumvi ndiyo adui. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo fremu iliyovimba inabana kioo miaka yote. Ukilegeza puti tu, kona inapasuka. Ukiona kutu imevimba kwenye kona, chukulia kwamba kioo hicho kitavunjika na ujipange hivyo.

Kilichokwisha kuvunjika, toa vipande vya juu kwanza. Ukianza chini, cha juu kinashuka kama panga juu ya mkono wako.

Seremala
Luva ni rahisi: zifungue zilale, nyoosha kidogo ulimi wa kishikizo (kile kibati kinachozuia kioo kisichomoke) kwa bisibisi bapa, vuta kioo kwa ubavu. Anza ya juu. Vishikizo vilivyoliwa na chumvi hukatika, hivyo shika kioo kabla ya kugusa ulimi.

Na tafadhali, rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usipige msasa mkavu. Lowesha, kisha kwangua, na watoto wawe mbali.

Fundi vioo
Uzito nao: kila milimita 1 ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha milimita 6 chenye mita 1.2 kwa 1 ni kilo 18, hicho ni cha watu wawili. Kibebwe kikiwa wima. Kihifadhi wima pia, kimeegemea ukuta kidogo, chini kuna mbao. Ukivilaza kwa rundo, punje moja ya mchanga katikati inatosha kuvipasua.

Seremala
Vipande visiingie kwenye kiroba, vitamchana mzoa taka. Weka kwenye ndoo ngumu au boksi nene, funga, andika VIOO. Ukishafagia, pitisha kitambaa cha maji na ukitupe. Usiku laza tochi sakafuni: vinavyong'aa ndivyo vilivyobaki.