Karani wa mzani, bosi anataka "nisome chini". Naombeni ushauri

Mwana_Usangu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wakuu wengine wote kamwene.

Niko Igurusi, Mbarali. Ni karani wa mzani kwenye ghala moja la kununua mpunga, kazi nimeipata msimu huu baada ya kusota mtaani. Mimi ni Mmoravian, kwaya naimba besi.

Wiki iliyopita bosi aliniita pembeni, akasema kila gunia nisome chini kilo mbili. Likigonga 87 niandike 85. Kwa kila gunia kuna mia tano yangu. Siku ya mzigo mkubwa tunapima gunia mia mbili na zaidi, pigeni hesabu wenyewe. Nikamjibu, "Nitafikiria, bosi." Tangu hapo hajagusia tena, ila ananitazama.

Sijachukua hata senti. Ila nisiwafiche, hiyo hela naitaka. Mke wangu ni mjamzito, miezi saba, na kodi inaisha. Jicho linaona 87, kabla mkono haujaandika kuna sauti inaniambia mkulima hatajua. Na kweli hatajua, maana wengi wanasimama nyuma ya gunia, namba hawaioni. Asubuhi nasali, nikifika ghalani sauti ni ile ile. Nifanyeje?

Mnyalu_Mafinga
Chukua mkuu, utatubu msimu ukiisha 😂 Natania. Ila huko maghalani mchezo ndio huo. Ukikataa wewe ataletwa mwingine, na mkulima atapigwa vile vile.

Mama_Tukuyu
Mwanangu, usimsikilize huyo. Atakayeletwa atajibu ya kwake. Mithali 11:1 iko wazi, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mimi nakodi shamba Kyela kila mwaka, kilo mbili nazijua. Kwenye gunia kumi hizo ni kilo ishirini, debe zima la mpunga na zaidi. Hapo kuna sare ya mtoto.

Halafu hilo jibu la "nitafikiria" umelitoa wapi? Hawa alianza kwa kuongea na nyoka hivyo hivyo. Bwana Yesu kule nyikani alijibu "Imeandikwa" mara tatu, zote kutoka Kumbukumbu la Torati, hakuomba muda.

Karani_Mstaafu
Kijana, nimepima mahindi Makambako mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Usishindane na hiyo sauti ukiwa umeshika kalamu, utachoka. Geuza mzani uso umwelekee mkulima. Namba aisome yeye kwa sauti, ndipo uandike, na yeye aandike kwenye daftari lake. Hapo hata ukitaka kuiba huna pa kuanzia.

Na asubuhi kabla ya kuanza, jaza maji dumu la lita 20, liweke mzanini. Maji peke yake ni kilo 20, jumlisha uzito wa dumu tupu. Ikisoma pungufu, ujue mzani ulishachezewa kabla yako. Angalia na stika ya Wakala wa Vipimo kama haijaisha muda.

Yusufu hakubaki nyumbani kwa Potifa akiomba apewe nguvu. Alitimua mbio, vazi akaliacha mkononi mwa mke wa Potifa.

Mnyalu_Mafinga
Na bosi atamfukuza siku hiyo hiyo.

Karani_Mstaafu
Anaweza. Sitamdanganya.

Mwinjilisti_Mbozi
Mpendwa, kwanza usijihukumu kwa kusikia hiyo sauti. Waebrania 4:15, Bwana wetu naye alijaribiwa, bila kufanya dhambi. Ila Yakobo naye anasema tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi, kwa hiyo usikae nayo ukiibembeleza.

1 Wakorintho 10:13 wengi tunaishia nusu, pale pa kutojaribiwa kupita tuwezavyo. Mbele yake kuna mlango wa kutokea, na mstari unaofuata Paulo anasema kimbieni. Mlango wako unaweza kuwa ule wa ghala, ukitoka bila kazi. Hili lazima uliseme nyumbani mapema. Mkeo anajua?

Mwana_Usangu
Bado, mtumishi.

Mama_Tukuyu
Mwambie leo. Na utuletee mrejesho.

Mwana_Usangu
MREJESHO: Ndaga fijo (asanteni sana) wote. Mke nilimwambia juzi usiku. Alinyamaza, halafu akauliza, "Na mpunga wa baba ukija hapo, nao utausoma chini?" Sikuwa na la kujibu. Mzee wao ana majaruba huku huku Usangu.

Jana nikaugeuza mzani. Saa nne bosi katokea, kakuta babu mmoja anasoma kwa sauti "themanini na saba na nusu!" na anagombea hiyo nusu iandikwe. Bosi akauliza nani kageuza. Nikasema mimi. Akaingia ofisini. Malipo ni Jumamosi, sijui kama nitarudi Jumatatu. Dumu la maji bado sijalipima.

Karani_Mstaafu
Lipime kesho, kabla hajafika.