Mgeni anakuja chuoni kuongelea kambi ya wakimbizi, naombeni ushauri

Wakuu habarini. Mimi ni katibu wa klabu ya wanafunzi hapa chuoni, Alhamisi ijayo tuna mgeni, nesi aliefanya kazi miaka kadhaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, ile iliyofunguliwa 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita afu 2015 Warundi nao wakamiminika. Ukumbi upo, projekta ipo, nauli ya mgeni tumechangishana.

Sa shida iko hapa, kuna dada tunasoma nae amekulia humohumo kambini, jana nabandika tangazo akasimama akalisoma lote, akaweka kidole kwenye picha ya mahema akaniuliza "mtaonyesha na picha za watoto?" nikakosa jibu yaani. Tokea hapo sina raha, sitaki akae pale aone maisha yake yanatazamwa kama sinema.

Nimwombe mgeni apunguze picha? Au nimfate dada kwanza nimsikie yeye anaonaje, ila naogopa ataona namtenga na wenzie. Na maswali je, watu waandike kwenye karatasi tuyapitie au wapewe maiki tu? Mwenye uzoefu anisaidie, siku zimebaki chache.